Sauti Nyuma ya Pazia la Dereva

Kijiji cha Kamizawa, Kōshū
Tarehe 3 Juni, mwaka wa nne wa enzi ya Taishō

Baba Hatsu,

Mvua za Juni zimeanza mapema, na natumaini huko pwani hazijakuletea kikohozi. Hiyo ndiyo salamu ya kiungwana. Sasa tuongee.

Viwavi wa hariri wameamka na wanakula kama wageni wa matanga. Nachuma majani ya mforsadi peke yangu, nayakata peke yangu, na mgongo wangu umeanza kuongea lugha yake. Mwaka jana ulikuja kunisaidia, na wakati ule ulikuwa dereva wa gari moshi, kazi isiyo na usingizi. Mwaka huu umekuwa dereva wa treni ya umeme, kazi ya mtu aliyevaa glavu nyeupe, na ruhusa hupati. Bwana wa posta alikwenda Yokohama mwezi uliopita. Anasema madereva wa umeme hupumzika kama watu wengine.

Mama yako anakuulizia. Muuza dawa amemwambia kwamba umeme hunyonya macho ya anayekaa karibu nao, naye tangu siku hiyo hali vizuri. Nimemwambia ni upuuzi, akanigeuzia mgongo, akatazama ukuta.

Halafu kuna hizi barua zako. Ulikuwa ukijaza ukurasa kwa kulalamikia makaa mabovu tu. Sasa unaniandikia mistari mitatu. Mtu anayefupisha barua ama anaficha jambo, ama amemchoka anayemwandikia. Niambie ni lipi.

Usipokuja, nikishauza hariri nitakuja mimi.

Nui


Kanagawa
Tarehe 9 Juni

Mama Hatsu,

Usije. Chumba changu ni kidogo, na zamu zangu ni za jioni, utakaa peke yako ukihesabu mbu.

Unataka barua ndefu, haya, pokea. Gari hili ungeliona ungecheka. Mabehewa ni ya mbao, matatu yamefuatana, na hakuna injini mbele. Mota ziko chini ya sakafu; unazisikia nyayoni kabla hujazisikia masikioni. Juu ya paa kuna mkono wa chuma unaoramba waya, na siku za mvua hutoa cheche za buluu, watoto hupiga makofi. Tukifika mwisho wa njia hatugeuzi kitu. Nachomoa kishikio changu, natembea hadi upande wa pili, nakichomeka huko, na nyuma inakuwa mbele. Kila dereva ana kishikio chake na hulala nacho. Bila hicho gari ni chumba tu chenye mabenchi.

Jambo moja sijalizoea. Kwenye gari moshi tulikuwa wawili. Unajua desturi yetu: dereva huinyooshea kidole taa ya ishara na kuiita, mchochea makaa huitazama naye akaitikia rangi yake, na asipoitikia, dereva hapiti. Kwenye umeme hakuna makaa, basi hakuna mchocheaji. Lakini kanuni ya kuita haikufutwa. Kwa hiyo naita, na hakuna wa kuitikia. Unafanana na mwendawazimu anayesalimia milango.

Shōji, mchocheaji wangu wa miaka yote ile, sijui aliko. Nasikia anapakua makaa bandarini.

Mwambie mama umeme haunyonyi macho.

Tokuzō


Kamizawa
Tarehe 13 Juni

Mdogo wangu Fusa,

Tofu za soya za mumeo zinauzika? Na Sawa, mwanao, bado anafanya kazi kule kiwandani Kawasaki?

Nina ombi, na ukilicheka utanijua. Nataka umtazame shemeji yako. Anaishi hatua chache kutoka dukani kwenu, na wewe hujawahi kuniandikia neno juu yake, wewe ambaye huniandikia hata paka wa jirani akizaa.

Nimemwandikia kwamba nitakwenda huko. Neno lake la kwanza: usije. Hakuuliza kama mama mzima, wala viwavi wazima. Usije. Kisha akanijazia ukurasa kwa mota na waya, na taa za ishara anazoziita bila wa kumwitikia, na mwisho wa yote akasema hajui Shōji aliko. Miaka kumi na moja wamekula moshi mmoja, halafu hajui aliko. Fusa, nimeolewa na mtu huyu muda mrefu. Akisema uongo huwa anaongeza maelezo ambayo hakuulizwa.

Wazee walisema pafukapo moshi pana moto. Sasa huyu amehamia gari lisilo na moshi. Nitajuaje panapoungua?

Panda treni yake. Usimsalimie. Utazame tu.

Dada yako,
Nui


Kanagawa
Tarehe 20 Juni

Dada,

Sikukuandikia kwa sababu ananikwepa. Akipita mbele ya duka mchana anainama kama anayetafuta kifungo, na jioni hapiti kabisa. Yasuke alisema, "Mwache mtu, pengine hapendi tofu." Huyo ndiye mume niliyepewa, hashuku hata mvua.

Nimepanda. Nilikwenda Kawasaki kumpokea Sawa, tukarudi na treni ya shemeji, tukakaa behewa la mbele kabisa. Kaa chini kabla hujasoma yanayofuata.

Giza likianza kuingia, madereva hushusha pazia jeusi nyuma yao, ili mwanga wa behewa usiwaumize macho. Kwa hiyo mtu haonekani, anasikika tu. Nikamsikia shemeji akiita: "Taa ya Tsurumi!" Na kabla sijameza mate, sauti ikajibu: "Kijani, sawa." Dada, ilijibu. Aliniambia nani hakuna wa kuitikia? Wewe, kutokana na barua yake.

Karibu na pazia, pembeni, palikuwa na mtu mfupi aliyejifunika shali mpaka puani, na sisi tuko Juni. Amejibana kwenye kidirisha kidogo kilicho kando ya dereva. Ni sauti yake hiyo, nyembamba, ya kunong'ona, kama ya mtu aliye kitandani. Juu ya kichwa chake kuna bango limeandikwa kwamba ni marufuku kuzungumza na dereva.

Nikamuuliza Sawa. Akasema, "Mama, huyo yupo kila siku. Hupanda giza likiingia, wala hashuki mpaka mwisho. Mchana hayupo kamwe." Mzee mmoja wa tumbaku aliyekaa karibu nasi akacheka: "Dereva wetu ana kasuku wake."

Na si hayo tu. Jana nimemwona shemeji akitoka duka la mikunga, wale samaki wa bei kali wenye umbo la nyoka, na furushi limefungwa karatasi. Mkunga, Dada. Yasuke alininunulia mkunga mara moja tangu tuoane, na siku hiyo alikuwa amenipiga na mlango kwa bahati mbaya. Mwanamume anayekaa peke yake hanunui mkunga.

Niambie nifanye nini. Mikono inaniwasha.

Fusa


Kanagawa
Tarehe 24 Juni

Mama Hatsu,

Unauliza ninakula nini. Nakula shayiri, figili ya chumvi, na viazi vitamu vikipatikana. Nakula peke yangu. Mbona unauliza?

Siku za kupokea roho za wazee sitaweza kuja. Mwakani, labda.

Tokuzō


Kamizawa
Tarehe 28 Juni

Fusa,

Ameniandikia kwamba anakula figili. Figili, peke yake.

Sikulia. Nilikwenda kibandani kuwalisha viwavi, nikakuta nimewawekea majani yenye umande, na umande unawaua. Trei nzima ikafa. Mavyaa akauliza kuna harufu gani, nikamwambia ni mvua.

Simpangii mwanamume wa umri ule asitamani. Najua mji ulivyo. Kinachonichoma ni kwamba huyo mtu anakaa pale pale alipokuwa Shōji, anaitikia ishara za mume wangu kila jioni, na mimi ndiye ninayemfulia mama yake nguo. Sitaki kelele barabarani. Sitaki jina lake. Nataka asiwepo.

Umesema kuna bango. Basi bango na lifanye kazi yake. Waambie watu wa kituo kuna mtu anaongea na dereva kila siku kinyume cha kanuni. Hilo ni kweli, wala si umbea. Wamtoe.

Nui


Kanagawa
Tarehe 3 Julai

Dada,

Jambo lako limekwisha. Nilimwendea mkata tiketi wa Kawasaki, yule mwenye masharubu, nikamweleza kwa adabu kama raia mwema. Akakunja uso. "Kila siku, mama?" Nikamwambia, "Kila jioni, na shali puani." Akasema keshokutwa atakuwa mlangoni na mwenzake, na mtu huyo hatapanda tena. Mimi nitakuwepo. Nataka shali ishuke nione hiyo sura iliyomshinda dada yangu.

Nimepanda treni yake jioni nyingi, na nimepita pia duka la mikunga kupeleleza. Nikajifanya mnunuzi. Nikamwuliza mwenye duka, yule dereva wa umeme hununua nini, cha kuchoma na mchuzi? Akanicheka. Akanionyesha vitu vyeusi, vikavu, vimekunjamana kama mikanda ya viatu vya marehemu, vina vitundu ubavuni. Ati ni mkunga wa macho manane, na shemeji hununua kila wiki, na ananunua yeye tu. Nikajisemea, basi huyo mwanamke wake ana ladha mbaya. Hata mimi sikuelewa mapenzi gani hayo ya kulishana mikanda.

Keshokutwa, Dada. Lala salama.

Fusa


SIMU YA MAANDISHI
Tarehe 5 Julai
KWA FUSA, DUKA LA TOFU LA YASUKE, KANAGAWA
USIMTOE ALIYE NYUMA YA PAZIA. TOKUZO HAONI GIZANI. SAWA ASIPANDE. NUI


Kamizawa
Tarehe 5 Julai

Fusa,

Nimetoka posta sasa hivi, nimekimbia kote, nguo imechanika. Mungu akijalia simu imekufikia kabla ya hii. Ikiwa haikukufikia, sijui naandika kwa nani.

Barua yako ilifika asubuhi. Nilikuwa namsomea mavyaa, nikiruka mambo ya mwanamke, nikamsomea ya mikunga kwa sababu inachekesha. Hakucheka. Akashika ukingo wa godoro. Akasema, "Macho manane?" Nikasema ndiyo, mikavu. Akafunika uso na mikono.

Wewe ni mtu wa mjini siku nyingi, umesahau. Hapa milimani mkunga wa macho manane si chakula. Ni dawa. Analishwa mtu asiyeona jua likizama, mwenye macho ya kuku.

Mavyaa amenieleza yote, kwa mara ya kwanza tangu niolewe humu. Mkwe wangu marehemu alikuwa hivyo. Mchana anarusha jiwe na kumpata shomoro, magharibi ikiingia anapapasa ukuta. Jioni mavyaa alikuwa akimwongoza kwa mkono wa kimono chake, na kijiji kikidhani wanapendana sana. Walipokuja kuniposa walimficha mshenga. Waliomba kwamba Tokuzō asirithi. Mwaka jana alipokuja kunisaidia, mavyaa alimwona magharibi akikosa ngazi ya kibanda, akajua. Wote wawili wakajua, wakaninyamazia, na mimi nimo humo humo ndani nikiwapikia.

Kwa hiyo huyo mwenye shali ndiye anayemwonea. Yeyote yule. Awe mwanamke, awe jini, mwache akae pale. Wewe na mimi tumemtoa macho mume wangu akiwa na watu mabehewa matatu nyuma yake, na Sawa behewa la mbele.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wazee walisema. Hawakusema lolote kuhusu abiria.

Nijibu. Neno moja tu linatosha.

Nui


Kanagawa
Tarehe 6 Julai

Dada,

Sawa mzima. Mimi mzima. Shemeji mzima. Simu yako niliikuta mlangoni niliporudi, imelowa mvua. Sasa soma taratibu.

Nilifika Kawasaki mapema. Yule mwenye shali akaja giza likiingia, anainamisha kichwa. Mkata tiketi na mwenzake wakamkamata kola. "Wewe, kasuku, leo hupandi." Shali ikashuka. Dada, ana ndevu. Ni mwanamume mfupi, mashavu yamebonyea, vumbi la makaa limeingia masikioni halitoki hata umsugue vipi. Sauti imemkauka kwa vumbi hilo hilo, ndiyo ile niliyoisikia kama ya kitandani. Nilisimama kama mtu aliyefungua sanduku la mwenziwe.

Hakupigana nao. Alinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimkodolea macho, akasema, "Mama, panda. Mwambie asiondoke. Yule haoni." Mkata tiketi akamwambia anyamaze. Akasema tena, "Naitwa Shōji. Haoni usiku, mama, panda."

Filimbi ya kondakta ikalia. Sawa alikuwa ameshakaa mle ndani, ananipungia mkono. Sikufikiri. Nilipanda na kiatu kimoja, kingine kiko Kawasaki mpaka leo.

Kituoni kuna taa kubwa za umeme, kwa hiyo aliweza kuondoka. Nikasogea mpaka kwenye pazia. Nikamsikia ndani anaita, "Taa ya kutoka!" Kimya. Akaita tena, sauti imepungua. Yule mzee wa tumbaku akasema, "Leo kasuku hakuja," watu wakacheka. Nilitaka kupiga kelele wote waruke. Nilitaka kumvuta Sawa kwa nywele. Nilimwogopa shemeji, nikamchukia, vyote kwa pamoja, nikasimama tu nimeshika kidirisha.

Tukaingia mashambani. Nje hakuna kitu, ni mpunga na vyura. Taa za ishara huko ni za mafuta, hafifu kama tumbaku ya mtu anayepita mbali. Akaita, "Taa ya Tsurumi!" Hakuna aliyejibu. Na hapo, Dada, nikasikia mota zinanyamaza chini ya miguu yangu. Breki zikashika. Gari likasimama katikati ya vyura.

Watu wakaanza. "Kuna nini?" "Umeme umekatika?" "Taa si zinawaka, umeme umekatikaje?" Kondakta akaanza kuja kutoka behewa la nyuma. Nikaweka mdomo kwenye kidirisha.

"Shemeji, ni mimi Fusa."

Nikakigonga kidirisha.

"Shemeji, taa ni nyekundu. Iko palepale mbele, kabla ya daraja. Ni nyekundu."

"Fusa?" akasema. "Shōji yuko wapi?"

"Nimemtoa mimi."

Nilisikia anavyovuta pumzi. Halafu, hutaamini, akasema, "Usitaje rangi kabla sijaita. Ngoja niite kwanza."

Basi akaita. Mtu haoni mkono wake mwenyewe, ana watu nyuma yake, anafuata utaratibu. "Taa ya Tsurumi!" Nikasema, "Nyekundu." Tukakaa. Kondakta alipofika nikamwambia ishara ni nyekundu, hakuna ajabu, akachungulia dirishani, akaona kweli, akarudi zake. Angejua aliyemwambia ni muuza tofu mwenye kiatu kimoja.

Ikabadilika. Akaita. Nikasema, "Kijani."

"Kijani, sawa," akasema. "Sema vizuri."

"Kijani, sawa, na laana iwe juu yako."

Tukavuka daraja. Nimemwitikia mpaka Kanagawa, kila taa, na nimegundua nazijua zote zilipo. Jioni zote zile za kukupelelezea mumeo zilinifundisha njia. Sawa alinishika mkono wa pili. Alikuwa ameelewa; tulipofika nyumbani, akatapika.

Pale Kanagawa shemeji alichomoa kishikio chake, akatoka, akamwambia mkuu wa kituo hawezi kuendelea, atafutwe dereva mwingine. Mkuu akauliza, "Unaumwa nini?" Akasema, "Macho." Mbele ya watu wote. Nilidhani atasema tumbo.

Kisha akanishika mkono wa kimono changu, nikamwongoza mpaka dukani. Nimempa supu na tofu kwa sababu ni shemeji yangu. Lakini nikuambie ukweli, sijamsamehe. Mtoto wangu amepanda gari lile tangu maua ya cherry yapukutike. Usiniombe nimsamehe mwezi huu.

Hakuna mwanamke, Dada. Nimetafuta mpaka chini ya mkeka wake nilipokwenda kumchukulia nguo. Kuna mabakuli mawili, moja lina masizi ya makaa ukingoni. Wamekuwa wakila figili wote wawili.

Fusa


Kanagawa
Tarehe 10 Julai

Nui,

Naandika mchana, dirishani. Jioni siwezi, ndiyo maana barua zangu zilikuwa fupi. Nilikuwa naandika kati ya kuamka na zamu.

Nimerudisha kishikio. Mkuu alikipokea kwa mikono miwili, akakiangalia, akasema kimelika upande wa kidole gumba. Pengine yatakuja mengine, nayangoja.

Waliponipa kazi ya umeme walinipima macho mchana, na nilisoma herufi zote za ukutani. Sikudanganya neno. Walipouliza kama kuna ugonjwa katika ukoo, nilisema baba alikufa kwa mapafu, na hilo pia ni kweli.

Shōji hakuniomba kitu. Nilimfuata bandarini nikamwambia, naye akauliza tu treni inaondoka saa ngapi. Usimlaumu.

Fusa hasemi nami ila kuniambia kula. Ana haki. Lakini nitasema hili mara moja na sitalirudia: sikuitikiwa, nikasimama. Ningeweza kubahatisha, njia naijua kwa nyayo. Nilisimama. Ukinihukumu, weka na hilo kwenye mizani.

Uliolewa bila kuambiwa, na mimi nilijua kuwa hukuambiwa. Wewe na mtoto wetu Hatsu mna haki ya kukasirika na ukoo huu. Ukitaka kurudi kwenu, sitaweka neno. Mama nitamtunza mchana, na usiku tutapapasa wote wawili.

Ukisema nije, kuna treni inayofika huko asubuhi. Nitapanda hiyo ili nisimsumbue mtu kunipokea.

Tokuzō


Kamizawa
Tarehe 14 Julai

Baba Hatsu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili. Mama ananiuliza umeandika nini, namwambia mvua. Na yeye aonje kidogo kufichwa.

Nilimtafuta mwanamke nyuma ya lile pazia mpaka nikaua trei nzima ya viwavi. Nakuambia kweli, afadhali ningemkuta. Mwanamke ningejua la kumwambia. Lakini ulikwenda bandarini, ukamtafuta Shōji katikati ya makaa, ukamwambia: sioni. Neno moja hilo. Mimi nilikuwa nalala pembeni yako, ulikuwa huna haja hata ya kunyanyua sauti, na hukuniambia. Hilo ndilo lililonichoma, na litachukua muda kupoa. Baba yako alikuwa haoni, nalo pia si kosa. Ila alimwambia mkewe.

Umesimamisha gari. Nimeliweka kwenye mizani, kama ulivyoomba. Ni zito. Nimeweka upande wa pili jioni zote ambazo Sawa alipanda, nazo ni nzito zaidi. Sitakudanganya.

Kwetu sirudi. Nimeipanda miforsadi ile kwa mikono yangu, siwezi kuwaachia watu wawili wanaopapasa.

Sasa sikiliza. Usipande treni ya asubuhi. Hiyo ni ya mtu anayetaka kushuka akionekana anaona, atembee mpaka nyumbani kifua mbele, na jioni aanze kusingizia usingizi. Sitaki mtu huyo, nimeishi naye vya kutosha. Panda ile ya mwisho, inayofika kumeshaingia giza. Kituo chetu kina taa moja ya mafuta, na unajua ngazi zake zilivyo mbovu.

Nitakuwa chini ya ngazi. Usishuke mpaka nikuite. Nitakuita kwa jina lako, kijiji kizima kisikie, nawe uniitikie kwa sauti, si kwa kunong'ona. Usipoitikia, na mimi sitasogea.

Shōji mlete. Kuna majani ya kuchuma na mapafu yake yanahitaji hewa. Mchana mwongee mnavyotaka. Lakini jua likizama, mwambie afunge mdomo. Zamu hiyo ni yangu.

Nui